Gari Likibadilishwa Kila Kitu, Bado ni Lile Lile?

Sugoi, upande wa Turbo nje ya Eldoret, ni mahali ambapo Pijoti kuukuu ya kubebea maziwa na mahindi haimshangazi mtu. Injini ilinunuliwa Kirinyaga Road, Nairobi. Giaboksi ilitolewa kwenye gari lililopinduka, na milango imechomelewa na fundi wa jua kali mara nyingi hadi rangi ya kwanza haijulikani. Muulize mwenyewe, atakwambia hilo ni gari la marehemu baba yake. Anasema kweli?

Plutarch aliuliza swali hilo hilo kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza. Wapenzi wa magari ya mashindano ya zamani wao wamelifikisha mahakamani. Bentley iitwayo Old Number One ilishinda Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mwaka 1932 dereva Clive Dunfee alifariki akiiendesha kwenye uwanja wa mashindano wa Brooklands, kisha ikavalishwa bodi nyingine kabisa. Miongo mingi baadaye kampuni moja ilikubali kuinunua kwa pauni milioni 10, halafu ikarudi nyuma ikidai si yenyewe. Muuzaji akashtaki.

Hukumu ya Jaji Otton, mwaka 1990 huko London, ingefaa kusomwa katika madarasa ya falsafa. Alikubali kwamba chuma cha 1929 kilichosalia kilikuwa kidogo mno. Hata hivyo aliamua kuwa gari ni hilo hilo, kwa sababu lilibadilika hatua kwa hatua na historia yake haikukatika. Muuzaji akashinda. Kwa kipimo hicho, mwenye Pijoti wa Sugoi naye hana wasiwasi.

Kesi ya Safari Rally ni ngumu zaidi, kwa sababu hapa kinachoulizwa ni kama mashindano yenyewe bado ni yale yale. Mashindano haya yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tope lake halikuwa la mchezo: mwaka 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yaliyomaliza, na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda na nduguye Jaswant kwa Volvo ya mkono wa pili.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya ile ya kwanza, ilianzishwa Safari ya magari ya kale. Mwaka 2011 dereva Björn Waldegård, akiwa na miaka 68, aliishinda kwa Porsche 911 huku mwanawe Mathias akimsomea njia. Mwaka 1978 alikuwa ameiendeshea Porsche katika Safari yenyewe, na kampuni hiyo ikaukosa ushindi. Je, deni la ushindi huo uliokosekana lililipwa mwaka 2011?

Kwa kipimo cha Otton, hapana. Dereva ni yule yule, ila gari lile silo.

Lakini Wanandi wana kipimo kingine: ibinda, yaani rika. Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyigei, Nyongi; majina huzunguka, na jina hurudi baada ya takriban miaka mia, waliolibeba mwanzo wakiwa wamekwisha kufa. Hakuna kijana anayedai kwamba yeye binafsi alipigana na Waingereza enzi za kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyeuawa 1905. Hata hivyo jina la rika analolibeba kijana huyo si la uongo: amelirithi pamoja na fahari na wajibu wake.

Safari ya magari ya kale ni ibinda, na haina haja ya kujifanya merikebu ya Theseus. Ulaghai huanza pale mtu anapong'oa kibati cha chesisi cha gari lililoshinda, akakipigilia kwenye bodi mpya na kuiuza kana kwamba ndiyo ile. Huko ni kumwibia marehemu jina.

Kwa hiyo familia zenye logbuku, picha na daftari za gereji za magari ya Safari ya zamani zisizichome wala kuwauzia wanunuzi wa karatasi kuukuu. Bila hizo hakuna jaji atakayeweza kuamua lipi ni lipi.