Umri wa Mtoto Mlangoni

Hebu tulitazame jambo linaloonekana dogo: tikiti ya kuingilia bustani ya michezo. Nakusudia zile bustani kubwa za Disney huko Marekani, ambazo wazazi huziwekea akiba mwaka mzima, na pengine miaka, ili wawapeleke watoto wao siku mbili tatu za likizo. Usiniambie kwamba haya ni mambo ya anasa yasiyomhusu mwalimu wa chuo. Palipo na bei, na ahadi, na mtoto anayesikiliza, pana mas'ala.

Disneyland ilipofunguliwa Julai 1955 katika mji wa Anaheim, California, mtu mzima alilipa dola 1 mlangoni na mtoto senti 50, kisha kila mchezo ukalipiwa mbali. Miezi michache baadaye vikatolewa vitabu vya tikiti vyenye herufi. A ilikuwa ya michezo midogo, kama farasi wa mbao wanaozunguka. E, iliyoongezwa 1959, ikawa ya ile mikubwa. Baba alijua ana vipande vingapi mkononi, akavigawa: wewe chukua hiki, mwenzako kile. Vitabu hivyo vikaondoshwa 1982, ikabaki tikiti moja ya siku nzima. Ukishaingia, aghalabu tajiri na seremala walisimama foleni moja wakingoja zamu. Mwaka 1999 ikaja tikiti ya kurudi kwenye mchezo kwa saa maalumu bila ya kusimama sana, na hiyo pia ilikuwa bure.

Mageuzi makubwa ni ya karibuni. Tangu Februari 2016 bei ya siku moja hapo Disneyland hufuata kalenda: siku ya watu wachache ni rahisi, siku ya wengi ni ghali. Oktoba 2024 siku rahisi kabisa ilikuwa dola 104, na ghali kabisa dola 206. Na 2021 ile njia ya mkato ikaanza kuuzwa. Kule Florida ilianza kwa dola 15 kwa kila mtu kwa siku, na mwaka uliofuata bei hiyo nayo ikawa inapanda na kushuka.

Mwenye mali ana haki ya kuuza kwa bei aitakayo, maadamu ameitangaza na hakughushi. Hilo silipingi. Tena wapo wasemao kwamba bei hizi hupunguza msongamano, na asiyetaka kulipa sana achague siku nyingine. Lakini ni nani awezaye kuchagua? Mzee aliyestaafu anaweza. Mwalimu wa skuli hawezi, wala mama ambaye watoto wake wanasoma. Likizo yao imepangwa na wengine, nayo huangukia siku zile zile za ghali. Hiari ya namna hii ina walakini.

Basi tuseme wazazi wawili wamekaa kupanga safari. Wana watoto watatu: wa kwanza ana miaka kumi, wa pili minane, na mdogo katimiza mitatu mwezi uliopita. Kanuni ya bustani ni kwamba aliye chini ya miaka mitatu halipiwi. Wa mitatu hadi tisa ana bei ya mtoto. Wa kumi huhesabiwa mtu mzima. Baba anapiga hesabu, hazitoshi. Ahadi keshaitoa tangu mwaka jana, na watoto wamekwisha kuwaambia wenzao. Ndipo anapoamua kwamba mdogo atabebwa kama wa miaka miwili, kisha anamwita mkubwa kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wakikuuliza, sema una miaka tisa."

Je, bei iliyomwelemea inamhalalishia? Watu watasema kampuni haitahisi. Kweli, haitahisi. Kwa yule wa kumi tofauti ni dola chache tu. Kwa mdogo ni tikiti nzima, na hapo kishawishi kina meno. Lakini anayeonewa zaidi katika jambo hili si kampuni. Ni yule mtoto aliyeingoja miaka kumi yake, akajipima urefu kwenye mwimo wa mlango, akaambiwa sasa wewe mkubwa. Leo baba yule yule anamtaka arudi nyuma mwaka mmoja mbele ya karani, naye atatii, kwa kuwa tumemfundisha kutii. Nimesomesha watoto miaka mingi. Husahau upesi tulivyowanunulia, ila hawasahau mara ya kwanza walipotusikia tukisema uongo.

Mimi ningemtaka baba huyo afanye lililo gumu zaidi: awaketishe watoto mbele ya karatasi ya hesabu, miezi kabla ya safari. Awaambie: niliahidi siku tatu, bei zimegeuka, naweza siku mbili, tena bila ya kununua njia ya mkato, tutasimama foleni. Ahadi ni deni, lakini mdaiwa aliyepungukiwa humwendea mdai wake kabla ya siku kufika, akaomba asamehewe sehemu. Yule wa miaka minane huenda akalia. Mkubwa, nadhani, ataitwaa kalamu aanze kutazama ni mchezo gani uachwe.