Daftari na Hiari ya Mtu

Ukisimama penye kona ya Barabara ya Kimathi na ile ya Kenyatta, katikati ya jiji la Nairobi, utaiona Hoteli ya Stanley. Soko la hisa la Nairobi lilipoundwa mwaka 1954, madalali walikuwa wachache, na yasimuliwa kwamba waliuziana hisa kwa neno la mdomo, vikombe vya kahawa vikiwa mbele yao. Walijuana. Leo soko hilo lina makao Westlands, na anunuaye hisa hamjui muuzaji, wala hajapata kukanyaga kiwanda anachokitilia fedha. Aijua kampuni kwa hesabu zake zilizotangazwa, basi.

Je, mtu aandikaye hesabu za uongo hutenda kosa gani? Jibu jepesi ni kwamba amesema uongo. Mimi naona ametenda jambo zito zaidi. Mwenye fedha hupima njia mbili tatu, akaacha hii akashika ile, na katika kupima huko ndimo uhuru wake ulimo. Ukimpa mizani iliyochezewa, mkono utakuwa wake lakini uamuzi utakuwa wako. Umemwibia hiari kabla hujamwibia shilingi.

Mwaka 2015 Benki ya Imperial iliuza kwa umma hati za mkopo za thamani ya shilingi bilioni 2. Walionunua walikuwa wamesoma hesabu za benki yenye faida. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, hati hizo hazijaanza hata kuuzwa sokoni, Benki Kuu ya Kenya iliifunga benki hiyo na kuikabidhi kwa Shirika la Bima ya Amana. Baadaye ikadaiwa mahakamani kwamba fedha zaidi ya shilingi bilioni 30 zilikuwa zimetoka kwa njia zilizofichwa vitabuni.

Hasara ya namna hii haiwaishii walionunua. Bilioni 2 zile zingeweza kujenga ghala au kununua mitambo mahali pengine, kwa mfanyabiashara aliyeandika faida yake ndogo bila kuitia chumvi, akapitwa kwa kuwa daftari la mwenzake lilipendeza zaidi. Mtu huyo hatajwi katika kesi yoyote.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Si kila tarakimu huhesabika kama magunia ya mahindi. Mkopo uliochelewa kulipwa kwa miezi minne, je, ni mali au ni hasara? Mwandishi wa hesabu hana budi kukisia, na waaminifu wawili waweza kutofautiana. Simdai ajue mambo ya kesho. Namdai aonyeshe alivyokisia, ili msomaji naye apate kukisia kwa akili yake.

Iko hoja nyingine inayonisumbua zaidi. Msimamizi wa benki atasema, “Nikitangaza ukweli leo, wenye amana watakimbilia fedha zao, na benki ambayo ingepona itakufa. Niacheni nifiche mwaka mmoja, nitengeneze mambo.” Hofu hiyo si ya bure. Hesabu za Benki ya Chase za mwaka 2015 zilipotolewa upya, zikaonyesha kwamba mikopo ya watu wa ndani ilikuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa kwanza. Habari zikaenea upesi kwa simu za mkononi, watu wakatoa fedha zao kwa wingi, na tarehe 7 Aprili 2016 benki ikafungwa. Mtu aweza kusema kwamba ukweli ndio ulioiua.

Nami nasema aliyeiua ni ukweli uliokuja umechelewa. Lakini hata kama kuficha kungefaulu, bado ningemuuliza msimamizi yule: unangoja kwa fedha za nani? Mwenye kuhatirisha mali yake mwenyewe ana ruhusa ya kungoja mpaka mwisho. Huyu anangoja kwa akiba ya mwenye duka na karo ya mtoto wa mtu, na wenyewe hawakuulizwa.

Tarehe 27 Aprili milango ya Chase ilifunguliwa tena chini ya uangalizi wa Benki ya KCB. Wenye amana wakaruhusiwa kuchukua hadi shilingi milioni 1. Waliokuwa na zaidi wakaambiwa wasubiri.