MJUMBE ASIYEPEWA UJUMBE



Lugha yetu ya Kiswahili imeweka hekima katika neno "mjumbe". Mjumbe ni mtu aliyetumwa, na neno alilotumwa kulifikisha huitwa ujumbe. Wazee wetu walimheshimu hata wakasema kwamba mjumbe hauawi. Lakini hawakupata kusema kwamba mjumbe aweza kwenda safari yake bila kupewa neno na waliomtuma. Walakini katika zama zetu watu humchagua mtu, humpeleka katika baraza la kutunga sheria, kisha hukaa kimya miaka mingi. Akikosea humlaumu sokoni na vibarazani, bali yeye mwenyewe hawamwambii lolote. Je, lawama hiyo ni ya haki? Na je, kumwandikia mjumbe ni jambo la hiari tu, ama ni wajibu ambao mtu mwema ataulizwa juu yake?

Ili tusizungumze hewani, na tutazame nchi moja, nayo ni Marekani. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, mbali na Bunge la nchi nzima lililoko Washington. Neno jimbo hapa lisifahamike kuwa ni eneo la uchaguzi, kama lilivyozoeleka katika Tanzania na Kenya. Ni sehemu ya nchi yenye katiba yake, gavana wake na mahakama zake. Majimbo 49 yana mabaraza mawili ya kutunga sheria. Nebraska peke yake ina baraza moja tangu 1937. Wengi hudhani kwamba kila jambo kubwa huamuliwa Washington. Sivyo. Mambo ya shule za watoto, leseni ya dereva na ya muuguzi, haki za mpangaji mbele ya mwenye nyumba, na adhabu za makosa mengi ya jinai, kwa sehemu kubwa hutungiwa sheria na mabunge ya majimbo. Ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, waliohamia huko kutoka Kongo, Burundi, Kenya na kwingineko, huguswa na sheria hizo kila siku, ingawa pengine hawajui hata jina la mjumbe wao.

Sasa natusikilize hoja za wale wasemao kwamba hakuna haja ya kuandika.

Hoja ya kwanza ni hii: "Mimi ni mtu mdogo. Sikumchagua huyo mjumbe, na pengine mimi si raia wala sina kura. Nitamwambia nini mkubwa huyo?" Jibu letu ni kisa cha bibi mmoja aliyeitwa Belinda. Alizaliwa Afrika, na katika maelezo yake aliutaja mto Volta, ambao uko katika Ghana ya leo. Kabla hajatimiza miaka 12 alikamatwa, akavushwa bahari, akauzwa utumwani. Alimtumikia Isaac Royall, tajiri mkubwa wa Medford katika Massachusetts, kwa muda wa miaka 50. Vita vya uhuru wa Marekani vilipozuka mwaka 1775, tajiri yule, aliyekuwa upande wa Mfalme wa Uingereza, alikimbia akaacha mali yake nyuma. Belinda akabaki mzee, maskini, na binti mgonjwa wa kumtunza.

Bibi huyo hakujua kuandika. Hakuwa na kura, wala hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyehitaji kibali chake ili apate kiti. Hata hivyo, Februari 14, 1783, ombi lake lilipelekwa mbele ya Bunge la Massachusetts. Mwingine alimwandikia, naye akatia alama yake kwa mkono wake. Na aliomba nini? Hakuomba sadaka. Alieleza kwamba utajiri ule mkubwa ulikusanywa kwa sehemu kwa jasho lake mwenyewe, na kwamba yeye amenyimwa hata tonge moja kutokana nao. Bunge likamkubalia, likaamuru apewe paundi 15 na shilingi 12 kila mwaka kutokana na mapato ya mali ile.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Malipo yalikatika baada ya muda mfupi. Je, Belinda alinyamaza? La hasha! Mwaka 1787 alipeleka ombi jingine, na baada ya hapo mengine tena, hata kufika mwaka 1793, alipokuwa ajuza wa miaka 80 hivi. Hakupata yote aliyostahili. Bali leo, zaidi ya miaka 200 baadaye, nyumba ya watumwa ya tajiri yule ingali imesimama Medford ikionyeshwa kwa wageni, na ajuza huyu asiyejua kusoma anakumbukwa kwa sababu hakukubali kunyamaza.

Hoja ya pili: "Hayo yalikuwa madai ya mtu mmoja juu ya riziki yake. Barua moja haiwezi kugeuza sheria ya nchi." Basi na tutazame Tennessee, mwezi wa Agosti 1920. Ilikuwa imependekezwa kuingiza katika Katiba ya Marekani kifungu cha kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, na lilikuwa limebaki jimbo moja tu ili itimie idadi ya majimbo 36 iliyohitajika wakati huo. Katika Bunge la Tennessee wajumbe waligawanyika nusu kwa nusu. Kijana mmoja, Harry Burn, mwenye umri wa miaka 24, alihesabiwa miongoni mwa wapinzani, maana wengi wa watu wa kwao walipinga. Lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake, Febb Burn, iliyotoka kijijini Niota. Pamoja na habari za nyumbani, mama alimwomba asiwaache wanawake, apige kura ya kuunga mkono. Agosti 18, jina lake lilipoitwa, kijana akajibu ndiyo, na jambo lile likapita. Kesho yake alieleza kwamba aliiamini haki hiyo, na kwamba ushauri wa mama ndio salama kwa mwana kuufuata.

Utasema: "Huyo alikuwa mama yake!" Ni kweli. Lakini tafakari, ndugu msomaji. Barua ile haikumtisha wala haikumwahidi fedha. Ilimkumbusha jambo ambalo moyo wake ulikwisha kulijua, wakati makelele ya pande zote yalikuwa yakimsahaulisha. Na hii ndiyo kazi ya barua njema: haimfungi mjumbe kamba, bali humwamsha.

Tena angalia jambo moja la ajabu katika visa hivi viwili. Belinda hakuwa na kura. Na Febb Burn naye, kwa sheria ya Tennessee ya wakati ule, hakuwa na kura ya kumchagua mjumbe wa bunge la jimbo. Hata hivyo wote wawili walisema, na wakasikilizwa. Basi yafaa tujiulize: haki ya kusema na mtawala hutoka wapi? Kama ingetoka katika kura, wanawake hawa wasingekuwa nayo.

Sisi twasema kwamba hutoka katika amana. Madaraka si mali ya mjumbe. Ni amana aliyowekewa. Ukimwachia jirani mbuzi wako akuchungie, kisha ukaenda kumwuliza hali ya mbuzi, hujamwomba sadaka, umeuliza chako. Na tena, amana nyingine hushikwa kwa ajili ya mtu asiyekuwa na sauti katika uteuzi. Yatima hamchagui msimamizi wa mali yake. Lakini ni nani atakayethubutu kusema kwamba yatima hana haki ya kumwuliza mali yake inakwendaje? Hali kadhalika mgeni, mtoto, mfungwa, na yule aliyempigia kura mpinzani: wote huishi chini ya sheria ile ile, na kwa hiyo wote wana haki ya kusikilizwa na waitungao. Katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780 iliwatambulia watu haki ya kuwapa wajumbe wao maagizo, na ya kuliomba bunge liwaondolee dhuluma. Miaka mitatu tu baadaye Belinda alibisha hodi katika mlango huo.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwa asiye na kura, je, mwenye kura akinyamaza atatoa udhuru gani?

Hoja ya tatu hutolewa na watu wa dini: "Mwenye kumtegemea Mungu hapeleki shida zake kwa mwanadamu." Maneno haya yana sura ya uchaji, lakini hayana uzito. Mwanzoni mwa Sura ya 58 ya Kurani Tukufu tunapata habari ya mwanamke aliyemwendea Mtukufu Mtume (s.a.w.) kumletea mashtaka juu ya mumewe, naye akajadiliana naye huku akimshitakia Mungu. Hakukemewa, bali tunaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu aliyasikia maneno yake, na hukumu ikashuka ya kuondoa dhuluma ile. Mwanamke huyo hakuona kwamba kumlalamikia Mungu kunamzuia kusema na mwenye mamlaka. Dua na hoja vilitoka katika kinywa kimoja.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote: "Mjumbe halazimiki kunitii, basi kuna faida gani?" Hapana shaka, halazimiki. Mjumbe mmoja wa Seneti ya California huwakilisha watu karibu milioni moja, nao hawataki jambo moja. Mjumbe anayegeuka kwa kila barua ni bendera, hufuata upepo. Wajibu wake ni kusikia, kupima, kisha kutenda haki. Lakini atapimaje asichokisikia? Katika miji mikuu ya majimbo wako watu wanaolipwa mishahara ili wazungumze na wajumbe kwa niaba ya makampuni na vyama. Wao hawanyamazi. Maskini wakinyamaza, mizani itakuwa na upande mmoja tu, na dhuluma itapita bila hata mjumbe kukusudia kudhulumu. Kimya chetu ni sehemu ya dhuluma hiyo.

Basi ikiwa kuandika ni wajibu, kuna adabu zake, nazo ni hizi:

Kwanza, mtu amwandikie anayehusika. Shimo la barabara ya mtaa huenda likawa kazi ya baraza la mji, na hati ya kuishi nchini ni jambo la serikali ya Washington. Kumlaumu mjumbe wa jimbo kwa lisilo lake ni kumwonea.

Pili, aandike kwa wakati. Miswada mingi hufia katika kamati, kabla haijafika mbele ya bunge zima. Na mabunge mengine hayakai mwaka mzima: lile la Texas hukutana kwa kawaida mara moja katika miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140. Barua inayofika baada ya kura ni tanga baada ya mazishi.

Tatu, aseme kweli, kwa maneno yake mwenyewe, na aombe jambo moja linaloeleweka. Ataje anapoishi na jinsi sheria inavyomgusa. Belinda hakutoa hotuba juu ya siasa. Alieleza miaka 50 ya kazi na njaa ya uzeeni.

Nne, asitukane, asitishe, wala asiahidi zawadi. Tusi hufunga sikio, na zawadi huiharibu amana yenyewe.

Tano, asiombe haki yake kwa kumdhulumu mwingine. Kabla ya kutia sahihi ajiulize: "Kama jirani yangu angeisoma barua hii, ningeona haya?"

Sita, asichoke. Na mjumbe akitenda vema, aandikiwe pia barua ya shukrani, maana wengi hukumbuka kalamu siku ya hasira tu.

Ndugu msomaji, pengine hutakaa Marekani hata siku moja, na mjumbe wako hukaa karibu nawe. Lakini swali ni lile lile popote ulipo. Usiseme, "Sauti yangu ni ndogo." Ajuza mmoja, aliyenyang'anywa nchi yake, ujana wake na malipo yake, alikuwa na alama tu ya kutia katika karatasi, naye aliitia tena na tena. Siku tutakapoulizwa juu ya dhuluma tulizoziona, mjumbe atajibu kwa aliyoyasikia akayapuuza. Sisi nasi tutajibu kwa tuliyoyajua tusiyasema.

Mwenyezi Mungu awajalie wenye mamlaka masikio ya kusikia, nasi atujalie ndimi za kweli na adabu. Amin.