Miaka ya Triliamu

Katika misitu ya mashariki ya Marekani na kusini mwa Kanada huota mmea wa kivulini uitwao triliamu. Una majani matatu na ua moja jeupe la petali tatu, ambalo likizeeka hugeuka waridi. Huchanua baridi inapoisha, kabla miti mikubwa haijafunika anga kwa majani mapya. Jimbo la Ontario lililifanya ua lake rasmi mwaka 1937.

Anayelipanda kwa mbegu hana budi kuifukia ingali mbichi. Majira ya baridi ya kwanza yakipita, hutoka mzizi tu. Ya pili yakipita, ndipo kijani kidogo huchungulia juu ya udongo. Ua la kwanza huja baada ya miaka 7, pengine 10. Muda wote huo mkulima ana kazi chache: kivuli, unyevu usiotuama, na majani yaliyopukutika yaachwe yaozee papo hapo. Asifagie.

Miaka hiyo ni ya nini? Wengi wataiita miaka ya kungoja, kana kwamba mmea unaanza kuishi siku ua linapofunguka. Mimi sikubali. Mzizi unaoshuka gizani tayari unaishi. Tukiweka maana yote kwenye ua, tumefuta sehemu kubwa ya umri wa kiumbe hiki. Na nahofia ndivyo tunavyomfanyia mtoto ambaye bado hajafaulu, na mzee aliyekwisha kustaafu.

Msituni, mpandaji ni sisimizi. Mbegu ina kinofu chenye mafuta. Sisimizi huibeba hadi shimoni kwao, hula kinofu, kisha huitupa mbegu pamoja na taka, nayo huota humo. Yeye alitafuta mlo, basi. Hilo linanifariji sana: kazi yaweza kuzaa jambo ambalo mtendaji hakulikusudia wala hatalishuhudia.

Majani ya triliamu yako chini tu ya ua. Anayechuma ua pamoja na majani hayo huondoka na chakula cha mmea cha mwaka mzima, na mmea waweza kudhoofu kwa miaka au kufa. Wapo pia wanaoung'oa msituni wakauze.

Ndugu msomaji uishiye huko liotako triliamu, ukilikuta, litazame lilipo. Ukilitaka bustanini, muulize muuzaji kama limeoteshwa kwa mbegu au limeng'olewa porini. Akisita kujibu, usinunue.