Amemeza Nini?

Ukimpigia daktari wa wanyama simu ukilia kwamba mbwa amemeza sumu, hatakuuliza kama unampenda. Atakuuliza amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi. Mimi nilijibu maswali mawili vizuri. Lile la kwanza nilidanganya.

Naishi kwenye ploti ya vyumba 12 huko Kahawa West. Kazi ilipopotea nilianza kutengeneza sabuni ya kipande. Unanunua mafuta yaliyochakaa kwa muuza chipsi, unayachuja, unayeyusha kostiki soda kwenye maji, halafu unaimimina polepole ndani ya mafuta huku ukikoroga. Mwenye ploti alikuwa amekataza biashara kama hizo, kwa hivyo nilikuwa nafanya jioni, nyuma ya matangi ya maji.

Simba hakuwa mbwa wa mtu. Alikuwa wa ploti, kama kamba ya kuanika nguo: sote tunamtumia, hakuna anayemgharamia. Siku hiyo simu iliita nikaenda kuipokea getini, nikaacha karai chini. Yeye akasikia harufu ya chipsi. Niliporudi nilimkuta anajikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, ute unamtiririka, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Majirani wakatoka, kila mtu na dawa yake. Mpe maziwa! Maji ya chumvi, atapike! Saga makaa! Mkamulie ndimu! Katikati ya kelele mama mmoja akaniuliza, "Kwani amekula nini?" Karai nilikuwa nimeshalisukuma nyuma ya tangi kwa mguu. Nikasema, "Nadhani ni dawa ya panya." Na daktari alipopokea simu, nikamwambia hivyo hivyo.

Nilijiambia ni kauongo kadogo tu. Sumu ni sumu, daktari atajua cha kufanya. Chumba changu kitabaki, biashara itabaki, na mbwa atapona.

Lakini sumu hazifanani. Mbwa aliyemeza dawa ya panya muda mfupi uliopita, mara nyingi daktari humtapisha ili itoke kabla haijaingia kwenye damu. Kostiki soda haingoji kuingia kwenye damu. Inaunguza kila inapopita: ulimi, koo, umio, tumbo. Ukimtapisha, inarudi kwa njia ile ile na kuunguza mara ya pili. Makaa hayasaidii. Hata ndimu, ambayo inaonekana ni akili ya darasa la kemia, inaweza kuzalisha joto juu ya kidonda. Kinachofaa ni kumwosha mdomo kwa maji bila kuyasukuma kooni, kumpa maji au maziwa kidogo ikiwa bado anameza vizuri na daktari amekubali, kisha kumkimbiza kliniki ukiwa na pakiti mkononi.

Pakiti niliiacha nyumbani. Pakiti haijui kudanganya.

Kliniki daktari alikuwa ameshaandaa sindano ya kumtapisha. Akamfungua mdomo, akasita. "Mbona ulimi umeungua hivi? Una uhakika ni dawa ya panya?"

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyonisukuma. Hapana. Ni kwa sababu aliuliza mara ya pili, na tulikuwa wawili tu, hakuna jirani. Nikasema, "Daktari, ni kostiki. Yangu." Akaiweka sindano chini. Hakunigombeza. Alianza tu kazi nyingine kabisa.

Chuoni tulimcheka sana Immanuel Kant. Mwaka 1797 aliandika kwamba huruhusiwi kumdanganya hata muuaji anayemtafuta rafiki yako, na kwamba ukidanganya, matokeo mabaya yanaweza kuhesabiwa juu yako. Tulisema huyu mzee hajawahi kuishi Nairobi. Kuhusu muuaji, bado nadhani alizidisha. Lakini kuhusu matokeo sicheki tena. Mtu akikuamini, anatembea kwa macho yako. Daktari alikuwa na elimu, alikuwa na dawa, alikuwa na huruma, na kwa vyote hivyo angemuumiza Simba, kwa sababu macho niliyomwazima nilikuwa nimeyafumba.

Nilifikiri nimemaliza. Niliporudi saa 4 usiku nikakuta kesi nyingine imeanza.

Kuna mzee anayeishi chumba nambari 2. Alikuwa akilalamika kila wiki kwamba Simba anabweka usiku, na siku moja kwa hasira alisema atamwekea dawa. Sasa vijana watano walikuwa mlangoni kwake. "Mzee, si useme tu ulimpea nini?" Yeye amesimama na fulana, redio bado inaongea ndani, anaapa kwamba hajatoka chumbani tangu saa kumi.

Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba ukweli nilikuwa na deni nao kwa daktari tu, kwani ndiye aliyeuhitaji kutibu. Umati hauna haki ya kujua siri zako. Ni hoja nzuri, na laiti mzee asingekuwa pale mlangoni ningeikubali. Lakini mimi sikunyamaza. Ningenyamaza, labda ningesema nimelinda siri yangu. Mimi nilitaja dawa ya panya, na dawa ya panya ikaenda kumtafuta mwenyewe.

Nikawaambia. Miguu ilikuwa inatetemeka, lakini nikawaambia: kostiki, karai, matangi. Vijana wakaondoka mmoja mmoja bila kuniangalia. Mzee akabaki.

"Mimi nilijua si mimi," akasema. "Kumbe na wewe ulijua." Akafunga mlango.

Biashara ya sabuni iliishia hapo. Bili ya kliniki niliilipa kwa miezi miwili. Simba yuko hai, ila umio umebaki na kovu: anakula uji na ugali uliolainishwa kwa mchuzi, na wakati mwingine anakohoa kila kitu nje, nasafisha mimi. Mzee ananisalimia, salamu fupi.

Huruma haikukosekana jioni ile. Ploti nzima ilikuwa na huruma, na nusu ya ile huruma ilikuwa imebeba chumvi. Kwa hivyo ikikufika wewe, usikimbilie jikoni. Tafuta pakiti, soma jina, piga simu. Na jina hilo litaje kwa sauti, hata kama majirani wanasikia.