Kutosema na Kuficha

Kila aliyewahi kumiliki gari kuukuu hapa Marekani ana kisa chake cha duka la spea. Unapanga foleni, unafika kaunta, unataka balbu ya taa ya nyuma tu. Kijana anakuuliza mwaka wa gari, ukubwa wa injini, milango miwili au minne, na ukikosa jibu moja kompyuta yake haisogei. Kule Kariakoo uliweka spea mbovu juu ya kaunta, muuzaji akaigeuzageuza mkononi, akakuletea mwenziwe. (Tusijidanganye lakini: aliweza pia kukuletea feki ndani ya boksi zuri.)

Kero hizo nimezizoea. Lililonikaa moyoni ni jingine.

Majira ya baridi yaliyopita, dada mmoja wa Bukavu anayefanya kazi za usiku ghalani aliniomba nimsindikize nikamkalimanie. Taa ya injini ilikuwa imewaka. Magari madogo ya petroli yanayouzwa nchini humu, tangu yale ya mwaka 1996, yana tundu chini ya usukani. Duka huchomeka kifaa na kusoma namba ya hitilafu, bure. Ikatoka P0171. Kijana akatazama kompyuta yake, akasema ni kihisi cha oksijeni. Bei dola 90 na ushee, na vifaa vya umeme vikishafunguliwa havirudishwi.

"Papa, anasema nini?"

Nikamtafsiria neno kwa neno. Sikupunguza wala sikuongeza. Nami ni injinia wa mitambo, nimesomea Uingereza, na nilijua kwamba namba ile haisemi kihisi kimekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inayostahili, na mara nyingi chanzo ni mpira uliopasuka mahali, hewa inapenya. Kihisi ndicho kilicholeta habari. Alikuwa shahidi, nasi tukamfunga shahidi.

Mbona nilinyamaza? Nyuma yetu walisimama watu sita, na kijana alisema kwa uhakika. Sikutaka kuwa mzee mjuaji anayebishana dukani kwa lafudhi ya kigeni. Nikajiambia nimeitwa kukalimani tu.

Cicero, yule Mrumi, katika kitabu chake De Officiis cha mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kuwa meli nyingine zimo njiani. Je, awaambie wanunuzi, au auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli aliona kwamba kutosema si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, akamkatalia, na Cicero akaelemea kwa Antipater. Niliposoma habari hizo ujanani nilidhani zinamhusu muuzaji peke yake.

Sasa tazama duka letu. Kijana wa kaunta hakuficha kitu, kwa sababu hakujua kitu. Alisoma alichoandikiwa, na kazi yake ni kuuza spea, si ufundi. Naweza kumlaumu kwa jambo moja, kwamba hakutamka neno "sijui", neno ambalo maduka haya hayana rafu yake. Lakini aliyejua kwamba meli zinakuja nilikuwa mimi, wala sikuwa nauza chochote. Sikuwa na faida ya kulinda isipokuwa haya yangu.

Siku ya tatu taa ikawaka tena. Juma lililofuata gari likazimika njiani, akakosa zamu ya usiku mzima, na kwao zamu isiyofanywa hailipwi. Jumamosi nikaenda na tochi, nikakuta mpira umepasuka nyuma ya injini. Mpya ulikuwa dola 7. Akanishukuru mno, na kesho yake akaniletea bakuli la sombe.

Bakuli nimelirudisha na ndizi ndani. Habari ya kwamba nilijua tangu siku ya kwanza sijamwambia mpaka leo.