Anayejihami Si Mwoga

Mashabiki wa kandanda, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, hawakawii kuilaumu timu inayorudi nyuma na kumwachia mpinzani mpira. Imepaki basi, husema, wachezaji wake ni waoga. Lawama hiyo inaonekana kuwa ya mbinu, lakini kiini chake ni maadili, kwa kuwa inachukulia kwamba anayeshambulia ana moyo kuliko anayejihami. Naipinga, na ushahidi wangu wa kwanza ni Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, chini ya kocha Benni McCarthy katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025. Tarehe 10, uwanjani Kasarani, Kenya ilikutana na Morocco, waliokuwa wamelitwaa kombe hilo mara mbili. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, na kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akalishwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili Kenya ilicheza na watu kumi. Kujihami kwa namna hiyo ni kazi ya kichwa na miguu: beki akitoka kumkabili mwenye mpira, mwenzake lazima azibe pengo papo hapo, winga anashuka kusaidia pembeni, na mbele anabaki mmoja, peke yake, ili mpinzani asithubutu kuwapandisha walinzi wake wote. Anayesinzia kwa sekunde mbili anawaponza wenzake tisa. Mechi iliisha 1-0.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye mafundisho yake si mageni katika jimbo kuu la Nyeri, aliuliza swali hilihili katika karne ya 13: tendo kuu la ushujaa ni kushambulia au kustahimili? Alijibu kwamba ni kustahimili. Anayeshambulia hujiona mwenye nguvu, ilhali anayestahimili humkabili aliyemzidi. Hatari ya mshambuliaji bado iko mbele yake. Ya mstahimilivu imekwisha kumfika. Tena shambulio laweza kuwa la ghafla, bali ustahimilivu hudai muda mrefu. Sababu hiyo ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, maana dakika 45 za kuzuia ni ndefu kuliko mbio zozote za kuelekea langoni.

Nyeri yenyewe inalijua jambo hili. Dedan Kimathi wa Tetu, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Waingereza, na wenzake waliishi katika misitu ya Nyandarua wakiwa na silaha haba, nyingine za kujitengenezea, huku ndege za Waingereza zikiwadondoshea mabomu. Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki, wakawafungua wafungwa, kisha wakatoweka. Sithubutu kulinganisha mchezo na damu yao. Nasema tu kwamba hapa hakuna anayekuita kurudi kwao msituni uoga, kwa hiyo kipimo hicho cha ushujaa tunacho tayari.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza inasema timu inayojihami na kutegemea mashambulizi ya kushtukiza huishi kwa makosa ya wengine. Ni kweli kwa sehemu, lakini kosa la mpinzani halimfaidi asiyekuwa tayari. Mpira ukinaswa, lazima awepo aliyekwisha kuanza kukimbia. Anayengoja bila nia ya kutoka, huyo ndiye mwoga, na hapo nakubaliana na mashabiki. Ya pili ni ngumu zaidi: Morocco iliyofungwa siku ile ndiyo iliyolibeba kombe Agosti 30, huku Kenya ikiwa imetolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Basi ustahimilivu ulifaa nini? Ulifaa siku ile, dhidi ya mpinzani yule, kwa idadi ile ya wachezaji. Ushujaa wa tendo haupimwi kwa kombe la mwisho wa mwezi, ingawa nakiri kwamba hautoshi kuijenga timu.

Kwa hiyo lawama iwekwe mahali pake. Kocha anayewarudisha nyuma watu kumi mbele ya Morocco hadaiwi maelezo yoyote. Anayefanya hivyo akiwa na wote kumi na mmoja, dhidi ya timu ya kiwango chake, anadaiwa, na mashabiki wana haki ya kumdai.